GTX 1650 ndani ya Dell ya mtumba: miezi minane na kadi isiyotaka waya wa pawa

Wakuu, kabla hujatoa hata mia kwenda kununua kadi ya grafiki naomba ufungue ubavu wa hiyo kompyuta yako usome kile kistika kilichobandikwa kwenye pawa saplai. Mimi mara ya kwanza sikukisoma, nikaangalia bei tu na ukubwa wa memori iliyoandikwa kwenye boksi, na hela niliyolipwa kwa harusi moja nzima ikaondoka. Mara ya pili nikasoma na kadi niliyoipata, GTX 1650 ya NVIDIA, ndo ninayotaka kuizungumzia hapa, iko mwezi wa nane sasa na inapiga kazi kila siku.

Mimi nashuti na kuediti video, harusi, sendofu, kichen pati, mahafali ya shule, na ofisi yangu ni chumba kimoja hapa Tabata. Mashine ni Dell OptiPlex 9020, ile ya kusimama, mini tawa, ina i5-4590. Hizi mnazijua, Dar zimejaa kila mahali, stesheneri wanazo, vyuo wanazo, maofisi yanazo, zilitumika Ulaya zikachoka kule zikaja kwetu na bado zina miaka mingi ya kuishi ukizitunza. Nilinunua ikiwa na RAM ya GB 8 na diski ya kawaida, baadae nikaweka SSD, nikaongeza RAM ikawa GB 16, na hapo ndo nikawa nimefika ukutani. Prosesa ya i5 ya namna hii ina grafiki yake ya ndani, Intel HD 4600, ambayo kwa kuandika barua na kuangalia muvi haina shida kabisa, ila ukishaweka rangi kwenye video, ukaweka maandishi yanayotembea, ukaunganisha kamera mbili, preview inaanza kukwama kwama mpaka unasahau ulikuwa unatafuta nini. Kuekspoti ndo usiseme, nilikuwa naiachia usiku naenda kulala, na umeme ukikatika saa tisa usiku basi asubuhi naanza upya na bi harusi anapiga simu.

Kwaiyo nikaamua kuongeza kadi. Nikazunguka Kariakoo siku mbili. Kuna duka moja bei yao ilikuwa chini kuliko kote nilikopita, boksi jipya kabisa limeandikwa GTX 1050 Ti 4GB, muuzaji ananiambia "kaka hii ni moto, chukua usiku wa leo tu zimebaki mbili". Nikaigeuza nikaona nyuma ina matundu matatu, VGA, DVI na HDMI. Nikafurahi sana maana monita yangu ilikuwa ya VGA, nikasema hii imeletwa kwa ajili yangu. Kadi ilikuwa na sehemu ya kuchomeka pawa ya pini 6, pawa saplai yangu haina huo waya, jamaa akanipa bure adapta ya kutoa umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya diski, nikamshukuru.

Sasa nisikilize hapa kwa makini maana hili linaendelea mpaka leo na watu wanaendelea kuumia. Ile VGA peke yake ilitosha kuniambia nisinunue. Kadi za familia ya Pascal, yani GTX 1050, 1050 Ti, 1060 na kuendelea, zilizotoka kuanzia 2016, NVIDIA aliondoa kabisa mawimbi ya analogi, zina DVI ya dijitali, HDMI na DisplayPort. Ukikutana na 1050 Ti ina tundu la VGA anza kuitilia shaka hapohapo. Na dalili ya pili ni zile pini za pawa: 1050 Ti ya kweli imetengenezwa itumie wati 75, na wati 75 ndo kiasi ambacho sloti ya PCIe, pale kadi inapochomekwa kwenye mazabodi, inaruhusiwa kutoa peke yake, ndo maana 1050 Ti nyingi hazina kabisa pini za pawa. Zipo za kweli zenye pini 6, za yale makampuni yaliyozisukuma spidi toka kiwandani, ila VGA na pini 6 kwa pamoja kwenye boksi lisilo na jina la kampuni yoyote, kimbia.

Nilifika nyumbani nikaichomeka, picha ikaja, Windows inaniambia kabisa GTX 1050 Ti. Nikashusha draiva kwenye tovuti ya NVIDIA, ikagoma kuingia, inasema haijaona kadi inayoendana. Nampigia muuzaji ananiambia tumia ile CD iliyo kwenye boksi, hiyo ndo draiva yake. Nikaweka ya CD ikakubali, nikafungua Premiere, programu ninayoeditia, dakika tatu skrini nyeusi. Nikawasha tena, nyeusi tena. Ndo mdogo wangu, yeye yuko chuo na ni mtu wa magemu, akaniambia "bro shusha GPU-Z uone". GPU-Z ni programu ndogo ya bure, haihitaji hata kuinstoli, unaifungua tu. Mbele ya jina la kadi imeandika FAKE, kwenye mabano makubwa. Na chini inataja chipu yenyewe: GF116, nanomita 40, koa 192 (koa ni vichakato vidogo vya ndani). Hiyo ni GTX 550 Ti, kadi ya 2011! Wameifuta BIOS yake, ile programu ya msingi iliyo ndani ya kadi, wakaiandikia jina jipya na memori ya uongo, ndo maana draiva ya NVIDIA ilikataa, zile kadi za zamani za Fermi walishaacha kuzitengenezea draiva toka 2018. Na kwa kuwa 550 Ti inakula wati zaidi ya 110, ndo maana ilikuwa na zile pini, na ndo maana ilikuwa inazima, ile adapta ya SATA upande wa volti 12 imetengenezwa ibebe kama wati 54 tu, diski haihitaji zaidi ya hapo. Nilipoichomoa plagi ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Nashukuru Mungu niliichomoa. Hela nilirudishiwa nusu baada ya safari tatu na maneno mengi, nikaachana nao.

Hapo ndo nikakaa chini nikasoma kile kistika. Wati 290. Na sio pawa saplai ya kawaida, OptiPlex 9020 inaingia kwenye mazabodi kwa plagi ya Dell yenyewe ya pini 8, sio ile ya pini 24 iliyozoeleka, kwaiyo huwezi kwenda dukani ukachukua pawa saplai yoyote ya wati 500 ukaifunga tu, lazima utafute adapta ya kutoka pini 24 kwenda 8, na uwe na uhakika nayo. OptiPlex 7010 ya kusimama yenyewe ina wati 275 ila inatumia pini 24, hao wana nafuu kwenye kubadilisha. Zile nyembamba za kulala, SFF, 7010 ina 240 na 9020 ina 255. Soma cha kwako usinisikilize mimi, watu wanabadilishiana vipuri huko mafundi, unaweza kukuta ndani kuna kitu kingine kabisa.

Fundi mmoja nilimpelekea mashine akanipigia hesabu kwa kalamu kwenye boksi la ram, na nilipenda alivyoifanya. Prosesa yako ni wati 84 ikikimbia kwa nguvu zote. Kadi ya 75. Mazabodi, RAM, SSD, feni, weka 40 au 50. Uko kama 200 na kitu, pawa saplai ya 290 inapumua, haikimbii kila siku mpaka mwisho. Akaniambia "mkuu ukiniletea kadi yenye pini yoyote ya pawa sikufungii humu, utanirudia na mashine inanuka". Sentensi hiyo ilinikatia kadi nusu ya zilizokuwa kichwani kwangu.

Iliyoniuma kuiacha ni RX 580 ya AMD. Kila mtu anaisifia, GB 8 za memori, na bei zake mtumba zinavutia sana, kuna siku niliishika mkononi kabisa. Ila RX 580 ni wati 185 na inataka pini 8, kwenye boksi langu hiyo ni ndoto. Na hata kama una pawa saplai kubwa, ukiiona angalia kama sio ile iitwayo 2048SP, maana RX 580 halisi ina vichakato 2304 na ile nyingine ina 2048 ambayo ni sawa na RX 570, sio feki kama yangu, AMD wenyewe waliitoa, ila usilipie bei ya kaka yake. Nyingi pia zimetoka kwenye kuchimbia sarafu za mtandaoni, zimefanya kazi usiku na mchana, feni zinalia, hizo unazijua kwa kuzisikiliza na kuzinusa.

Nyingine ilikuwa RX 6400. Hii kwa karatasi ilikuwa imetengenezewa mtu kama mimi, wati 53 tu, haina pini, ya 2022, kuna ndogo kabisa zinazoingia hata kwenye SFF. Nilikuwa nimeshakubali nilipe, nikasoma kwanza. Kumbe haina kabisa kile kifaa cha ndani cha kuekspoti video, yani H.264 na H.265 haiwezi kuziandika yenyewe, inaweza kuzisoma tu. Kwa mtu wa gemu sio tatizo kubwa, kwa mtu wa video na kwa mtu anayetaka kurekodi gemu lake ni pigo. Na pia inatumia njia nne tu za PCIe, ambapo kwenye bodi mpya za PCIe 4.0 hazionekani kuwa chache, ila kwenye zetu hizi za 3.0 upana unakuwa nusu, na memori yake ya GB 4 ikijaa ndo unausikia huo wembamba. Kwaiyo kadi mpya kwa umri ila inabanwa zaidi kwenye mashine ya zamani, na maduka hawakwambii hilo, sio kwa ubaya, wengi hawalijui.

GT 1030 niliiangalia kwa dakika moja. Ikiwa lazima, chukua yenye memori ya GDDR5, sio DDR4, majina ni yaleyale ila ya DDR4 ni dhaifu sana, na haina kiekspoti vilevile. GT 730 na GT 710 zilizojaa kwenye kaunta na maboksi yake yenye picha za madragoni, acheni jamani, hizo hazikupeleki popote zaidi ya grafiki uliyonayo.

RTX 3050 ya GB 6 ndo ingekuwa jibu kama hela ingekuwepo. Ilitoka Februari 2024, wati 70, zipo zisizotaka waya, koa 2304. Ila bei niliyotajiwa ilizidi bei niliyonunulia kompyuta nzima na monita yake, na kwa prosesa ya i5-4590 nisingeitumia yote, ningekuwa nimefunga injini ya lori kwenye bajaji.

Zikabaki mbili, 1050 Ti ya kweli na GTX 1650. Zote wati 75, zote GB 4, zote zina NVENC ya kuekspotia. 1050 Ti ilikuwa rahisi kwa kama elfu themanini hivi. Kilichonifanya niongeze hela ni vitu viwili, kwanza 1650 ina koa 896 za Turing, familia mpya kuliko Pascal, dhidi ya 768 za Pascal na kwenye kazi tofauti inaonekana kwa macho, pili ni draiva. NVIDIA walitangaza kwamba Pascal na Maxwell, familia iliyoitangulia, zinamalizia draiva za kawaida Oktoba 2025, baada ya hapo ni marekebisho ya usalama tu mpaka 2028. 1650 ni ya Aprili 2019, iko kwenye Turing, bado inapata draiva. Kwa mtu anayetumia Premiere au DaVinci Resolve hili ni kubwa kwa sababu hizi programu mara nyingi zikitoka toleo jipya zinataka draiva mpya, siku moja unasasisha programu asubuhi na mchana huwezi kufanya kazi.

Nilinunua mtumba, kwa fundi tofauti, feni moja, fupi kama sentimita 17 hivi, laki mbili na themanini, waranti ya maneno mwezi mmoja. Ufupi una maana wakuu, kwenye hii tawa ya Dell kadi ndefu ya feni mbili inaweza kwenda kugonga kule wanakokaa diski, pimeni kwa rula kabla. Na hata 1650 zipo zenye pini 6, zile zilizosukumwa spidi, nimezikuta mbili za hivyo nikaziacha, kwaiyo usiagize kwa jina tu, omba picha ya ubavu wa juu. Sikulipa mpaka tulipoifunga kwenye mashine yake pale dukani, nikaenda na flashi yangu yenye GPU-Z na FurMark, programu ya kuikimbiza kadi kwa nguvu zote. GPU-Z imeonyesha chipu ya TU117, ndo ya 1650 yenyewe, koa 896, nanomita 12. FurMark tumeiacha inazunguka dakika kumi na tano tunakunywa soda, joto limepanda likasimama, feni haijapiga kelele ya ajabu, hakuna madoa doa kwenye picha. Muuzaji hakuona vibaya hata kidogo, alisema angependa wote wangefanya hivi maana inampunguzia ugomvi baadae. Muuzaji akikukatalia kupima, hilo ndo jibu lako.

Kufunga kulichukua nusu saa, na nusu saa nyingine ya kuhangaika. Kwanza nilisasisha BIOS ya Dell, unaingia tovuti ya Dell unaandika ile namba ya huduma iliyo kwenye kistika cha mashine, unashusha ya mwisho, unaiendesha. Fanya hivyo mashine ikiwa kwenye UPS, umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo bodi inaweza kufa palepale. Nikachomeka kadi, nikawasha, skrini nyeusi, moyo ukaniruka nikajua nimepigwa tena. Kumbe monita bado niliichomeka kwenye tundu la VGA la mazabodi. Ukishaweka kadi, waya wa monita unahamia kwenye kadi, na 1650 haina VGA, kwaiyo ile monita ya zamani inahitaji konvata ya HDMI kwenda VGA, sio waya mtupu wa kubadilisha umbo, ni ile yenye kichipu ndani. Ziko elfu kumi, elfu kumi na tano. Hii nayo iwekeni kwenye bajeti maana kadi bila monita ya kuionyesha ni chuma tu. Miezi miwili baadae nilipata monita ya HDMI ya mtumba nikaachana na konvata, na rangi zikawa tofauti kabisa, nikaona kumbe harusi zote za nyuma nilikuwa naziwekea rangi kwa kubahatisha.

Sasa kazi. Premiere inaitumia kadi kwenye rangi, kwenye kupunguza na kukuza picha, kwenye mpito, na kwenye kuekspoti ukiweka enkodingi ya hadwea. Niseme ukweli hapa maana watu wanadanganya sana, Intel ile ya ndani nayo ina kiekspoti chake kinaitwa Quick Sync, kwaiyo kama video yako ni kukata na kuunga tu bila efekti, hutaona miujiza. Tofauti niliyoiona mimi ni kwenye video zenye kazi, rangi kwenye kila kipande, picha mbili juu ya moja, maandishi. Video ya harusi ya dakika 40 iliyokuwa inanilaza, saa mbili na nusu au tatu, sasa inamaliza kwa muda unaokaribia urefu wa video yenyewe. Na kilicho kikubwa zaidi kwangu ni preview, naweza kukaa na mteja pembeni yangu, mama wa bi harusi anasema "mwanangu hapo rudisha kidogo nimwone dada yangu", narudisha palepale bila kusubiri. Zamani nilikuwa naona aibu kumkaribisha mteja akae.

Udhaifu wake ni memori, GB 4. Kwenye 1080p sijawahi kukwama. Kwenye 4K ndani ya DaVinci Resolve, ukiweka efekti kadhaa, inakwambia memori ya GPU imejaa na inasimama. Dawa ninayotumia ni kufanya kazi kwenye taimlaini ya 1080p, au kutengeneza nakala nyepesi za video kwanza, proksi, halafu mwisho ndo naekspoti kutoka zile kubwa. Inafanya kazi ila inakula nafasi ya diski na inakula uvumilivu. Kama kazi zako zote ni 4K usinunue hii kadi, nitakuwa nakudanganya nikikwambia itakutosha, subiri ukusanye ya GB 6 au 8 na mashine inayoibeba.

Na kingine nilichokiona, kadi ikishakuwa na nguvu, prosesa ndo inaanza kulalamika. Mdogo wangu huja wikiendi kupiga GTA V hapa, kwa 1080p na grafiki za juu, muda mwingi inakaa juu ya frem 60, ila akiendesha gari kwa kasi katikati ya mji prosesa inagonga asilimia mia na frem zinashuka ghafla, kadi yenyewe iko asilimia sitini au sabini, imekaa inasubiri. i5-4590 ina koa nne basi. i7-4770 inaingia soketi ileile ya LGA 1150, koa nne zinazobeba kazi nane kwa wakati mmoja, ziko mtumba, na hiyo ndo pesa yangu inayofuata. Kabla ya hapo hakikisheni RAM ziko mbili, sio moja, kompyuta nyingi za mtumba zinakuja na kijiti kimoja, ukiweka viwili vinavyofanana zinafanya kazi kwa njia mbili na ni mabadiliko ya bei ndogo sana. Mtu mwenye kijiti kimoja cha GB 4 na diski ya kuzunguka asianze na kadi kabisa, aanze na SSD na RAM, ataona kompyuta mpya kwa hela kidogo, kadi ije baadae.

Joto la Dar. Mwezi wa kwanza kadi ilikuwa inafika nyuzi 80 na feni inasikika mpaka nje. Nikaifungua, pesti ya joto ilikuwa imekauka kama udongo, nikaifuta na spiriti nikaweka mpya, nikapuliza vumbi, ikashuka ikawa inacheza 70 mpaka 74 wakati wa kuekspoti. Vumbi la mtaa wetu barabara haina lami, kwaiyo kila mwezi napuliza, na mashine nimeitoa chini sakafuni nimeiweka juu ya stuli. Umeme nao, niko kwenye UPS, na tangu kadi iingie UPS inanipa dakika zilizozidi nne kidogo tu, zamani zilikuwa kama nane, inatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima, haitoshi kumalizia ekspoti.

Wenye zile nyembamba za SFF najua mnasoma mnasema sasa sisi je. Kwanza kadi lazima iwe ya kimo kifupi, na ije na kile kibati kifupi, ulizeni kabla maana kibati kikiwa hakipo kadi inaning'inia. 1650 za kimo kifupi zipo ila kwa Kariakoo ni za kuwinda na zinauzwa ghali kuliko ndefu. Ninachowashauri ni Quadro P1000, ya maofisi, GB 4 za GDDR5, koa 640, wati 47 tu, inakaa sloti moja, haina shida na pawa saplai ya wati 240. Inakuja na matundu ya DisplayPort madogo, kwaiyo tena bajeti ya konvata. Nayo ni Pascal, yale ya draiva niliyosema yanaigusa, ila kwa boksi la namna hiyo na bei yake siioni ya kuizidi. Mkikuta T1000 kwa bei inayofanana chukueni hiyo, ni Turing, koa 896 kama yangu, wati 50. K620 ambayo nayo ni Quadro inatolewa sana kwenye mashine za mtumba, ni GB 2 za DDR3, itakusaidia kwa AutoCAD ya shule na monita mbili, video usiitegemee.

Suala la Windows nalo linaniumiza kichwa. Windows 10 iliisha kupewa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa zetu za kizazi cha nne haziko kwenye orodha ya Windows 11. Kwa sasa mashine ya kuediti nimeitoa intaneti muda mwingi, naiunganisha kwa kazi maalum tu, video za wateja nazipokea kwa diski. DaVinci inapatikana pia kwa Linux na NVIDIA wana draiva zake huko, nimeanza kujifunza kwenye SSD ya pembeni, jioni jioni kazi zikiisha.

Alama zangu kwa hii kadi, kwa mtu mwenye tawa ya Dell au HP ya mtumba, pawa saplai ndogo, kazi ya 1080p: nane na nusu kwa kumi. Nusu imeondoka kwa feni, moja kwa zile GB 4. Yule fundi aliyeniuzia nilirudi kwake mwezi uliopita na mdogo wangu mwenye 7010 SFF, fundi akaomba tumletee mashine yenyewe aipime kwanza ndo aseme ana kadi gani. Tumempelekea jana, Jumamosi tunaifuata.